Damu Ikimrukia Mwuguzi: Aoshe Upesi, Aseme Upesi

Mazungumzo kwa wauguzi na wakunga wa Nairobi, toka katikati ya mji mpaka Kangemi, Kawangware na Dagoretti



Usiku wa manane mwuguzi ampokea mama mwenye uchungu katika zahanati. Chupa yapasuka kwa ghafula, na maji yenye damu yamrukia mwuguzi jichoni. Mtoto alia, jamaa wafurahi. Je, mwuguzi yule afanyeje? Wako wajifutao kwa mkono wa nguo, wakaendelea na kazi na kunyamaza, maana wachelea kulaumiwa kwamba hawakujihadhari. Kunyamaza huko ndiko kubaya zaidi.

Jambo la kwanza ni maji. Mwuguzi amwite mwenzake ashike kazi, naye aoshe jicho kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika kumi au zaidi. Asitie sabuni wala klorini jichoni. Damu ikiingia kinywani, ateme na kusukutua mara nyingi. Ngozi ioshwe kwa maji na sabuni. Aliyechomwa na sindano asikamue jeraha wala kulinyonya.

Jambo la pili ni kusema. Amwarifu mkubwa wa zamu saa ile ile, na habari iandikwe. Yeye apimwe damu, na mgonjwa naye aombwe ridhaa apimwe. Ikihitajika, mwuguzi hupewa dawa za kukinga virusi vya UKIMWI. Dawa hizo hufaa zaidi zikianzwa katika saa chache za mwanzo, wala zisichelewe kupita saa 72, nazo humezwa kila siku kwa siku 28. Aliyerukiwa Ijumaa saa nne ya usiku, muda wake waisha Jumatatu saa nne ya usiku. Akipanda matatu kwenda kwake Kangemi akalale tu, saa zake zinapita. Zahanati isipokuwa na dawa, aende Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambako wagonjwa wa dharura hupokewa usiku na mchana.

Hata hivyo asikate tamaa. Katika watu 1,000 walioingiwa machoni au kinywani na damu yenye virusi hivyo, wanaoambukizwa hawazidi mmoja; kwa sindano, ni kama watatu. Homa ya ini ya aina ya B ndiyo kali zaidi: katika watu 100 wasiochanjwa, waliochomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, hata 30 waweza kuipata. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2001; kwa hiyo wauguzi wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata chanjo hiyo utotoni. Yawapasa wachanjwe sasa, mara tatu katika miezi sita.

Miwani ya kazi, glavu na aproni zavaliwa kabla mama hajaanza kusukuma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga bila malipo. Kuviomba si utovu wa adabu.

Wakunga huwaambia akina mama wenye haya: mficha uchi hazai. Neno hilo lawahusu wakunga wenyewe pia. Aliyerukiwa na damu hakufanya kosa. Kosa ni kuificha habari mpaka saa za kuokolewa zimekwisha.