Mwenye Nyumba na Fundi Wake

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mlioko misikitini na mnaotusikiliza majumbani kwenu: nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona si la mimbari, nalo ni ugomvi wa mwenye nyumba na fundi anayemtengenezea nyumba hiyo. Lakini kumbukeni kwamba aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani, aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, yahusu deni, na karani wa kuliandika, na mashahidi wa kulishuhudia. Mola aliyetuumba ajua mahali tunapogombania.

Katika Mji wa Kale wa Mombasa walikuwako watu wawili wakiswali safu moja kwa miaka mingi. Majina yao siyataji. Mmoja alirithi nyumba ya babake, nyumba ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Wa pili ni fundi mwashi, na baba yake pia alikuwa mwashi. Wakapatana kwa mdomo, wamesimama barazani: fundi abadilishe boriti zilizooza, atengeneze choo, na apige lipu vyumba viwili vya chini. Vifaa vyote juu ya mwenye nyumba, na ujira wa kazi shilingi 180,000. Hapakuandikwa herufi moja. Kila mmoja aliona haya kumwambia mwenziwe, "Ndugu yangu, tuandikiane," kana kwamba kalamu ni tuhuma.

Haya hiyo haina asili katika dini yetu. Aya niliyoitaja yatuamuru tuandike deni lililowekewa muda, liwe dogo au kubwa, na yatueleza kuwa kufanya hivyo ndiko kunakotuepusha na shaka. Basi anayeona kuandika ni kumvunjia heshima ndugu yake ajiulize heshima hiyo aliipata wapi.

Kazi ikaisha kabla ya harusi ya binti wa mwenye nyumba. Harusi ikapita, masika yakaingia. Mwezi wa pili lipu ya vyumba viwili ikavimba, ikatoka ukungu mweupe wa chumvi, na mapande yakaanza kuanguka juu ya vitanda. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kulipa 110,000. Akazuia zilizobaki, 70,000, na akafungia ghalani vyombo vya fundi: ngazi, miko, timazi na pimamaji. Fundi akaacha kuswali msikiti ule. Na nyuma ya fundi walikuwako vibarua wawili, vijana wenye wake, wanaodai 9,000 kwa pamoja. Hao hawakuchagua saruji wala mchanga. Kila walipokwenda kwa fundi aliwaambia bado hajalipwa, na walipokwenda kwa mwenye nyumba aliwaambia hawajui.

Walipoletwa kwangu, kila mmoja alikuja na maneno yaliyokwisha pigwa pasi. "Sheikh, huyu ameniharibia nyumba ya marehemu baba." "Sheikh, mimi nilitenda nilivyoambiwa, na saruji alinunua yeye." Nikawakumbusha hadithi aliyoipokea Mama Ummu Salama, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, kuwa Mtume (S.A.W.) alisema yeye ni mwanadamu, na wagombanao humjia, na pengine mmoja ana ulimi mwepesi wa hoja kuliko mwenziwe, naye akahukumu kwa anayoyasikia, basi atakayepewa haki ya nduguye kwa hukumu hiyo asiichukue, kwani ni kipande cha moto. Ikiwa hivyo ndivyo mbele ya Mtume, sembuse mbele yangu mimi?

Kanuni ya sharia ni kuwa anayedai ndiye aletaye ushahidi, na anayekana ndiye aapishwaye. Nao ushahidi hawakuwa nao. Sikupenda kumwapisha mtu kwa jina la Mwenyezi Mungu juu ya karai za mchanga. Wanazuoni wetu wametufundisha kuwa jambo la ujuzi huulizwa wenye ujuzi wake, na kadhi mwenyewe hatoki na fatwa ya ukuta kitabuni. Tukawaita waashi wawili wazee, wasio na undugu na upande wowote.

Wazee wale wakagonga ukuta, wakabandua lipu mahali patatu. Mmoja akachukua chembe za mchanga uliosalia uani, akaziweka ulimini, akatema. Mchanga ulikuwa wa pwani, una chumvi. Na lipu ilikuwa ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa. Wakatueleza, na ninyi wenye nyumba za kale sikilizeni: ukuta wa namna hiyo huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa taratibu kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, na lipu hubanduka. Boriti, wakasema, zimewekwa vizuri. Choo hakina kasoro.

Hapo ndipo maneno yaliyofichwa yalipotoka. Mwenye nyumba akakiri kuwa mchanga aliununua yeye kwa sababu ulikuwa rahisi, na kuwa fundi alipotaja chokaa siku ya kwanza, yeye alikataa kwa kuwa chokaa yataka kulowekwa siku nyingi na harusi ilikuwa karibu. Nikamgeukia fundi: je, ulimwambia kuwa saruji itabanduka? Akainamisha kichwa. Akasema alijua, maana babake alimfundisha. Lakini alichelea kuwa akikataa, kazi itakwenda kwa mwingine.

Ndugu zangu, hapa pana mafunzo makubwa kuliko lipu. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikapata umajimaji uliofichwa chini. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wakauona, na akasema kuwa anayeghushi si katika sisi. Mtu yule hakuiletea nafaka mvua. Kosa lake ni kuificha. Na fundi wetu hakuchagua saruji; kosa lake ni kunyamaza na elimu yake wakati mwenziwe akiihitaji. Ujira wa fundi si wa mikono peke yake. Tunamlipa pia kwa yale ayajuayo na sisi hatuyajui.

Na mwenye nyumba naye hana la kujivunia. Alizuia fedha zote kwa kosa la kazi moja katika kazi tatu. Wazee walikadiria boriti 80,000, choo 40,000, na lipu 60,000. Basi hata tukisema lipu haistahili senti, alikwisha wajibikiwa na 120,000, naye alilipa 110,000. Hizo 10,000 hakuwa na hoja ya kuzizuia hata siku moja, na ndani yake mlikuwa jasho la vibarua. Katika Sahihi ya Bukhari imo hadithi ya watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, asimpe ujira. Ama vyombo alivyovifungia, yeye aliviita rehani. Rehani ni mkataba. Yataka ridhaa ya wawili, wala haithibiti kwa kufuli. Kumzuilia mwashi mwiko wake ni kumzuilia chakula cha watoto wake.

Niliwasimulia kisa cha Kaab bin Malik na Ibn Abi Hadrad, walivyogombania deni ndani ya Msikiti wa Mtume hata sauti zao zikamfikia chumbani. Akatoka, akafunua pazia, akamwita Kaab, akamwashiria kwa mkono apunguze nusu. Kaab akakubali papo hapo. Kisha Mtume akamgeukia mdaiwa, akamwambia asimame alipe. Angalieni utaratibu wake: mwenye haki ameombwa apunguze, na mwenye deni hakupewa nafasi ya kuchelewesha.

Sulhu yetu ikawa hivi. Siku ile ile 10,000 zilitolewa, na vibarua wakalipwa 9,000 yao mkononi, mbele ya macho yetu, kabla ya neno jingine. Vyombo vikarudishwa. Lipu yote ya vyumba viwili ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke, kisha ipigwe ya chokaa kwa mchanga usio na chumvi. Vifaa na ujira wa vibarua wa kazi ya pili juu ya mwenye nyumba. Fundi atarudia kazi kwa mikono yake, na badala ya 60,000 za lipu atapokea 45,000, nusu chumba cha kwanza kikiisha na nusu cha pili. Safari hii yaliandikwa, nakala mbili, mashahidi wawili.

Wako wanaouliza: na ikiwa mmoja hataki sulhu? Kwenda mahakamani si dhambi. Lakini jueni mlango wa kubisha. Nimeona watu wakimwendea Kadhi na risiti za saruji, hali Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeiwekea mahakama yake mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Madai kama haya, yasiyozidi shilingi 1,000,000, yana Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, na sheria hiyo yataka kesi ikatwe katika siku 60. Enda nayo ukweli, maana kile kipande cha moto hakibadiliki kwa kubadilisha mahakama.

Vyombo vilipotolewa ghalani fundi alivihesabu, akakuta timazi haipo. Mwenye nyumba akaitafuta, hakuiona, akaenda dukani akanunua nyingine bila kuambiwa. Chumba cha kwanza kimekwisha. Cha pili chasubiri chokaa, ambayo ingali shimoni yalowekwa, na safari hii hakuna aliyeiharakisha.

Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi.