Majitaka Yetu na Haki ya Jirani wa Bondeni

(Nakala ya mazungumzo na Waumini wa Mwanza, kuelekea msimu wa mvua)

Kila sifa njema inamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, aliyeteremsha maji kutoka mawinguni yakawa uhai na tohara kwa waja wake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Sahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao. Ama baada ya hayo.



Mada yetu ni mifereji na mabomba ya majitaka majumbani mwetu: kwa nini yanaziba, tuyazibue vipi, na tufanye nini yasizibe tena. Huenda wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya fundi bomba, hayana nafasi mbele ya Waumini. Tunawakumbusha kwamba vitabu vingi vya fiqhi tulivyofundishwa madrasa hufunguliwa kwa mlango wa tohara, na mlango huo huanza na maji. Tumehifadhi tangu utotoni ni maji gani yanafaa kutawadhia na yapi hayafai. Ni haki basi tujiulize na swali la upande wa pili: maji tuliyokwisha kuyatumia yanakwenda wapi, na yanamfikia nani?

MJI WA MAJABALI

Katika mji uliojengwa tambarare, bomba likiziba anayeteseka kwanza ni mwenye nyumba. Maji yanamrudia jikoni, harufu inamkosesha usingizi, naye hutafuta fundi haraka. Mwanza si hivyo. Nyumba zetu za Igogo, Bugarika, Mabatini na Isamilo zimepanda juu ya mawe, nyumba juu ya nyumba, hata uwanja wa mmoja ukawa sawa na paa la mwingine. Hapa mwenye nyumba ya juu chemba yake ikifurika huenda asione tabu yoyote. Majitaka yake yanateremka kimya kimya kati ya mawe, yanapita mlangoni kwa jirani, yanakatiza pale watoto wanapochezea, yanafika mtaroni, na mtaro unayapeleka Mto Mirongo. Mirongo unapita katikati ya jiji na kuingia ziwani.

Na ziwa, ndugu zetu, ndiko tunakorudi na ndoo zetu. Maji ya bomba la jiji hili huvutwa kutoka Ziwa Victoria, na chanzo kikongwe kiko hapo Capri Point. Mamlaka ya maji, MWAUWASA, huyasafisha kabla ya kuyasambaza. Lakini wako wenzetu wengi wa pwani ya ziwa wanaochota ufukweni moja kwa moja, wakanywa, wakapikia na kutawadhia. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 hakikukawia kufika Mwanza, na njia ya ugonjwa huo inajulikana: kinyesi cha mgonjwa kuingia katika maji au chakula cha mzima. Bomba lililoziba, likafurika na kumwaga, ni mlango mmoja wa njia hiyo.

KINACHOZIBA MABOMBA YETU

Adui wa kwanza ni mafuta. Mafuta ya moto humiminika sinkini kama maji, na mmiminaji hudhani yamekwenda zake. Lakini mama anayeacha sufuria ya mchuzi usiku ameona jinsi mafuta yanavyoganda asubuhi. Ndani ya bomba lenye ubaridi hutokea jambo hilo hilo. Mafuta hushika ukuta wa bomba, kisha magamba ya sato, punje za wali, makombo ya ugali na nywele hunasa juu yake, tabaka juu ya tabaka, mpaka bomba la inchi nne likabaki na tundu la kupitisha kidole. Mwaka 2017, chini ya barabara ya Whitechapel jijini London, walikuta donge la mafuta na vitambaa lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, na kazi ya kuliondoa iliwachukua wiki kadhaa. Ikiwa mji wenye mabomba makubwa kiasi kile umezibwa na mafuta ya jikoni, bomba letu la inchi nne lina nguvu gani?

Adui wa pili ni mchanga. Tunasugulia sufuria kwa mchanga na majivu, tunaosha miguu yenye vumbi la mlimani, na mvua inaleta mchanga zaidi. Mchanga hauelei. Hutua chini ya bomba na kukaa.

Adui wa tatu ni vitu visivyoyeyuka: pampasi, pedi, vitambaa, nyembe na plastiki. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vingine bado vinaishia chooni na mtaroni.

Adui wa nne ni ujenzi mbovu. Bomba la inchi nne linalotoa majitaka linatakiwa lishuke kiasi cha sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja ya urefu. Likilala mno, maji hayana nguvu ya kusukuma uchafu. Anayejenga na asimamie jambo hili kabla fundi hajafukia.

NAMNA YA KUZIBUA

Kwanza, tambua palipoziba. Ikiwa sinki moja tu halipitishi maji na mengine yanapitisha, kizuizi kiko karibu na sinki hilo. Ikiwa vyoo na masinki yote yanarudisha maji, fungua chemba ya nje. Ukiikuta imejaa, kizuizi kiko mbele yake, kuelekea kwenye karo, au karo lenyewe limejaa. Ukiikuta haina maji, kizuizi kiko kati ya nyumba na chemba.

Pili, anza na mkono. Vaa glavu, ondoa kichujio, na kwa waya uliopindwa ncha vuta nywele na uchafu ulio karibu. Chini ya sinki bomba limepindwa makusudi mfano wa shingo ya bata, na maji yanayobaki katika pindo hilo ndiyo yanayozuia harufu ya karo isiingie ndani. Hapo ndipo uchafu unapopenda kukaa. Weka ndoo chini, fungua pindo kwa mkono, lisafishe, ulirudishe.

Tatu, tumia mpira wa kuzibulia wenye mpini. Hakikisha maji yameufunika mpira, ziba kwa kitambaa kilicholowa lile tundu la pembeni linalozuia sinki kufurika, kisha sukuma na kuvuta mara kumi au ishirini bila kuachia. Kuvuta kuna faida sawa na kusukuma, kwa kuwa donge hulegea kwa kuyumbishwa.

Nne, kwa mafuta, mimina maji ya moto yenye sabuni, lakini yasiwe yanayochemka. Mabomba yetu mengi ni ya plastiki, na maji yanayotokota huyalegeza na kuharibu maungio.

Tano, kwa bomba refu la nje, tumia fito za kuzibulia kupitia chemba. Unapozisukuma zizungushe upande mmoja tu, ule wa kukaza. Ukizungusha kinyume zitaachana ndani ya bomba, nawe utakuwa umeongeza kizuizi juu ya kizuizi.

TAHADHARI

Wako wanaokimbilia kostiki soda au tindikali. Dawa hizi huunguza ngozi na kupofusha macho. Kostiki ikikutana na maji hutoa joto kali, kwa hiyo hutiwa kidogo kidogo ndani ya maji, wala maji hayamwagwi juu yake. Ukishatia dawa usipige mpira, maana itakurukia usoni. Na ukimwita fundi, mwambie wazi kwamba umetia dawa. Kumficha ni kumhini mtu aliyekuja kukusaidia. Wala usichanganye dawa yenye klorini na tindikali ya kusafishia choo: hewa inayotoka huchoma mapafu.

Zaidi ya yote, mtu yeyote asiingie ndani ya karo au shimo la choo kuzibua. Humo mna hewa yenye sumu. Ikiwa kidogo hunuka kama yai viza, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, na mtu huanguka akidhani hatari imekwisha. Mara nyingi anayemfuata kumwokoa huanguka naye.

KUKINGA

Kukinga ni rahisi kuliko kuzibua. Weka kichujio kwenye kila tundu. Futa sahani na sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha, na mafuta yaliyobaki yatiwe kwenye kopo. Magamba na matumbo ya samaki yafukiwe au yatupwe na taka ngumu. Sufuria zisuguliwe kwa mchanga nje, mbali na sinki. Mama lishe na wenye hoteli wajenge mtego wa mafuta, yaani chemba ndogo ambamo mafuta huelea juu na kutolewa, huku maji yakitokea chini. Karo liangaliwe kabla ya msimu wa mvua, lisisubiriwe lijae.

Na maji yenyewe tuyapunguze. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, kipimo kisichofika lita moja. Leo katika baadhi ya misikiti mtu hufungua koki mwanzo wa udhu na kuifunga mwisho wake, ndoo nzima ikiwa imekwenda, na maji ya birika yakifurika barabarani wapita njia wakayaruka. Msikiti unaofundisha tohara ndani na kumwaga uchafu nje utasikilizwa na nani?

DHULMA YA WAKATI WA MVUA

Ndugu Waislamu, sasa tunafika kwenye jambo lililotuleta. Wako watu ambao karo likijaa hawaliondoi. Hungoja mawingu. Mvua ikianza kunyesha usiku hufungua chemba au hutoboa shimo, wakaachia kinyesi kiende na maji. Mitaani jambo hili lina jina, huitwa kutapisha choo, na mwenye kulifanya hujiona mjanja kwa kuwa hakulipa gari la kunyonya majitaka.

Tunasema kwa uwazi: hiyo ni dhulma. Mtume (s.a.w.) ametukataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na ametuonya tusijisaidie penye vyanzo vya maji, njiani na kwenye vivuli wanapopumzika watu. Akakuita kuondoa chenye kuudhi njiani kuwa ni sehemu ya imani. Ikiwa haja ya mtu mmoja imewekewa makatazo hayo, itakuwaje kwa shimo zima la nyumba linaloachiwa kwenye mlango wa jirani na kuishia kwenye maji wanayoyanywa watu? Giza na mvua vinaweza kumficha mtu kwa jirani yake. Havimfichi kwa Mola wake.

Tunajua udhuru unaotolewa. Gari la kunyonya ni ghali, na milimani hakuna barabara ya kulifikisha. Huo ni ukweli, nasi hatuudharau. Allah (s.w.) haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Lakini uzito wa gharama hauhalalishi kumbebesha jirani najisi. Ipo njia ya kati, nayo ni kushirikiana. Katika maeneo ya milimani ya jiji hili, kupitia mradi wa Ziwa Victoria uliogharamiwa na Serikali pamoja na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, yamelazwa mabomba madogo ya majitaka yanayopita kati ya nyumba, mahali ambapo gari haliwezi kufika. Palipopita bomba hilo, aliyeunganishwa asitie ndani yake mafuta, pampasi wala maji ya mvua, kwa kuwa akiziba yeye wamezibiwa wote. Ambapo halijafika, nyumba kadhaa zichange kwa zamu, na wajumbe wa mtaa wapeleke maombi yao kwa pamoja.

TUNALOLIOMBA KWA KILA MSIKITI

Tunaomba mambo matatu. La kwanza, kamati ya msikiti ikague birika, vyoo na karo lake kabla ya mvua, na kurekebisha panapovuja. La pili, msikiti ununue seti moja ya fito, mpira na glavu, iwe waqfu wa kuazimwa na mtaa mzima, kwa Muislamu na asiyekuwa Muislamu, maana haki ya jirani haikuwekewa sharti la dini. La tatu, vijana wafundishwe na fundi mwaminifu kazi hii, wapate ujuzi wa halali na wawasaidie wazee na wajane wasioweza kulipa.

Na kila mmoja wetu, arudipo nyumbani, ateremke hatua chache chini ya uwanja wake aangalie maji yake yanatokea wapi. Akiyakuta mlangoni kwa mwenziwe, ajue ana deni, na alilipe kabla mvua haijaanza.

Tunamuomba Allah (s.w.) azitwaharishe nyoyo zetu na nyumba zetu, atukinge na maradhi, na atujaalie kuwa majirani ambao watu wa bondeni wanasalimika nao. Amin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.