Kutoka mapema: hitilafu ya Stockholm iliyojificha siku 1,315

Msikilizaji, karani anayetafuta jina moja katika daftari la abiria huacha kusoma mara tu anapoliona. Katika lugha ya C, iliyobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi hiyo hufanywa na amri ya break: mzunguko hukatwa kabla ya kufika mwisho wake. Yako pia maneno return na goto, na yote matatu humtaka mwandishi wa programu ajue hasa anatoka wapi.

Asiyejua hulipa. Tarehe 15 Januari 1990, mitambo 114 ya simu za masafa ya kampuni ya AT&T ilizimana kwa kupokezana kwa muda wa saa 9 hivi. Chanzo kilikuwa break moja iliyowekwa ndani ya sharti la if. Amri hiyo haitoki katika if. Hutoka katika switch au mzunguko unaoizingira.

Kisa cha Stockholm ni cha hila zaidi. Daniel Stenberg, mkazi wa Huddinge, kusini mwa jiji hilo, ndiye mwanzilishi wa curl, programu ya kusafirisha data iliyotolewa kwa jina hilo mwaka 1998. Imo katika simu, magari na runinga kote duniani, na mwaka 2017 ilimpatia tuzo ya Polhem, ambayo alikabidhiwa na Mfalme Carl XVI Gustaf.

Mwaka 2020 Stenberg aliandika upya sehemu inayozungumza na seva za kati za aina ya SOCKS5, ili isikae ikisubiri mtandao. Data ikichelewa, programu hutoka mapema, kisha huitwa tena kuendelea ilipoachia. Kanuni za SOCKS5 haziruhusu jina la kompyuta kuzidi baiti 255. Likizidi, curl ilipaswa kulitafutia anwani yenyewe badala ya kulituma. Uamuzi huo, hata hivyo, ulihifadhiwa katika kigeu cha ndani, na kigeu cha namna hiyo hufutika programu inapotoka. Iliporudi ilikuwa imesahau, ikanakili jina zima katika nafasi ya kumbukumbu ambayo huenda isilitoshe. Mshambuliaji mwenye jina refu na seva ya kati iliyo nzito kidogo angeweza kupenya hapo.

Hitilafu hiyo ilikaa siku 1,315 bila kuonekana, ingawa msimbo wa curl uko wazi kwa yeyote kuusoma. Stenberg alikiri hadharani kwamba kosa lilikuwa lake. Marekebisho yalitolewa tarehe 11 Oktoba 2023 katika toleo la 8.4.0. Dawa yenyewe ilikuwa kutoka mapema zaidi: jina likizidi kipimo, curl hurudisha taarifa ya kosa papo hapo na kuacha kazi.