Lami ya Usiku



Barabara ya Mombasa inapita kwetu Makueni: Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, hadi Mtito Andei. Inapowekwa lami upya usiku, watu hunung'unika, "Kwani mchana hawaoni?" Sababu ipo. Lami humwagwa ikiwa na joto la digrii kama 150, na lazima ishindiliwe kabla haijapoa, pasipo magari kuikanyaga. Lakini nasema wazi, hesabu hiyo ni ya mjini. Huku kwetu usiku ndiyo saa ya malori ya bandarini. Baada ya ajali ya Migaa, tarehe 31 Desemba 2017, mabasi yalikatazwa kusafiri usiku kwa muda. Malori yaliendelea tu.

Sasa tazameni taabu ya dereva. Taa za lori zinampiga machoni, upande mmoja umefungwa, na lami mpya bado haina mstari mweupe. Ukingo nao umeinuka. Gurudumu likishuka, mtu huvuta usukani kwa nguvu, gari linapinduka. Likishuka, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara, urudi polepole.

Na yule kijana wa bendera, pengine ametoka Kitui kutafuta kibarua, hana ukuta wa kujifichia. Wenye kazi tuwadai waweke taa na alama mbali, kabla ya kona. Lori lenye mzigo, jamani, halisimami kwa mita 20.