Kununua Kamera Iliyokwisha Tumika: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Wanachama, Same



Mliotuita kusema mlitaka tueleze jinsi mtu mwenye mshahara mdogo awezavyo kununua kamera ya filamu iliyokwisha tumika, pamoja na lenzi zake, asije akatupa fedha. Sisi si mafundi. Tulichonacho ni hasara tuliyoipata wenyewe, na maarifa tuliyoyatafuta baada ya hasara hiyo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi tulinunua kwanza, tukauliza baadaye.

Tuanze na habari yenyewe. Sisi watatu tulichanga fedha kwa miezi minane, kila mwisho wa mwezi kidogo kidogo, kwa nia ya kupata kamera moja ya shirika. Shabaha yetu ilikuwa kupanda milimani siku za mapumziko na kuwapiga picha wazee wetu, maana katika nyumba nyingi za Upareni ukiuliza picha ya babu huonyeshwi kitu. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka mpaka hapa Same kuipinga kodi ya mbiru. Jambo hilo limeandikwa katika vitabu vya historia. Walakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kuonyesha uso wa mtu wa ukoo wao aliyekuwako?

Basi, bibi wa mmoja wetu alikuwa angali hai kule Mbaga, umri wake umepita miaka 90. Alipokuwa msichana mdogo aliwaona watu wa kwao wakifunga safari ya kuja Same. Tukasema, huyu ndiye wa kwanza. Tukamwona muuzaji katika mji mwingine, akatuletea sura ya kamera katika simu: Zorki-4, inang'aa kama sahani mpya. Tukapeleka fedha kabla ya kuishika mkononi. Ilipofika tukaijaza filamu, tukapanda Mbaga Jumamosi, tukampiga bibi picha 36, ameketi mlangoni, amesimama shambani, ameshika mkono wa kitukuu chake. Filamu iliporudi kutoka kusafishwa, kila picha ilikuwa na madoa meupe kama mvua ya mawe, na uso wa bibi umefifia kama uliotazamwa kupitia moshi. Tukaazimu kurudi tukipata kamera nyingine. Wiki ya sita bibi akafariki. Siku ya mazishi picha iliyowekwa mbele ya watu ilikuwa ile ndogo ya kitambulisho, imekuzwa mpaka haitambulikani.

Ndugu zetu, hatusemi haya kwa kutaka kuhurumiwa. Twayasema kwa sababu makosa yote mawili yaliyoharibu filamu ile yangaliweza kuonekana kwa muda wa dakika kumi, kama tungalijua pa kutazama.

Kwanza tuseme kamera yenyewe ni ya namna gani. Hizi ni kamera zenye kipima umbali. Mtu hatazami kupitia lenzi, bali hutazama katika kidirisha kilicho juu yake. Katikati ya kidirisha huona doa lenye sura ya pili ya kitu kile kile. Akizungusha lenzi, sura mbili husogeleana, na zikilingana kuwa moja, basi umbali ni sawasawa. Kamera ya Leica ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1925 katika maonyesho ya Leipzig, mji ule ule uliotuma wamisionari waliofanya kazi Upareni tangu mwanzo wa karne ya 20. Kipima umbali kilichoungana na lenzi kilitiwa katika Leica mwaka 1932, na mwaka huo huo Contax ikatokea. Leica M3 ilifuata mwaka 1954. Hizo ni kamera njema mno, lakini bei zake si za mshahara wetu, wala hatumshauri mtu kuingia deni kwa ajili yake.

Kwa mwenye fedha kidogo ziko njia mbili.

Njia ya kwanza ni kamera za Kirusi na za Ukraine. FED zilianza kutengenezwa Kharkiv mwaka 1934 kwa kuiga Leica. Zorki zilianza mwaka 1948, na Zorki-4 ilitengenezwa kwa wingi tangu mwaka 1956 hata 1973. Lenzi za kamera hizi huingia kwa kuzungushwa kama parafujo, upana wa mdomo milimita 39, kwa hiyo lenzi ya moja huweza kuingia katika nyingine. Kiev, iliyoanza mwaka 1947, ni jamaa wa Contax, na mdomo wake ni mwingine kabisa. Mtu asinunue lenzi ya Kiev akidhani itaingia katika Zorki; jina la lenzi laweza kuwa lile lile, Jupiter-8, na bado isiingie. Sharti atazame mdomo wala si jina.

Njia ya pili ni kamera za Kijapani ambazo lenzi yake haitoki. Yashica Electro 35 ilitoka mwaka 1966, ina lenzi ya milimita 45. Canonet QL17 GIII ilitoka mwaka 1972, ina lenzi ya milimita 40. Lenzi zote mbili ni kali sana. Tofauti yao ni hii: Yashica hutegemea betri, na betri ya asili ilikuwa ya zebaki, ambayo imekwisha pigwa marufuku, sharti kutafuta ya badala na kipande cha kuishikilia. Bila betri shata yake hufanya mwendo mmoja tu. Canonet hupiga picha hata bila betri, maadamu mwenyewe ajua kupima mwanga kwa macho. Kwa mtu akaaye mbali na duka la betri za kigeni, tofauti hiyo si ndogo.

Sasa tuje katika ukaguzi, maana hapa ndipo sisi tulipoanguka. Mtu anayetaka kununua achukue kurunzi ndogo, karatasi na kalamu, aende mchana, asifanye haraka. Muuzaji akikataa kamera isifunguliwe, mnunuzi aage kwa heshima aondoke.

La kwanza ni shata. Kamera za Zorki na FED zina pazia la kitambaa chenye mpira. Ondoa lenzi, fungua mgongo, kaa mahali penye giza, umulike kurunzi upande mmoja huku ukitazama upande wa pili. Ukiona nukta za mwanga kama nyota, pazia limetoboka, na kila nukta itakuwa doa jeupe katika picha. Ndilo lililotupata. Matundu hayo huletwa na uzee wa kitambaa, na huletwa pia na jua: mtu akiiacha kamera imelielekea jua bila kifuniko, lenzi hukusanya miali na kuunguza pazia, kama vile watoto wanavyounguza karatasi kwa kioo. Kwa jua la hapa Same, kifuniko cha lenzi si pambo. Kisha piga shata kwa kila mwendo, usikilize. Mwendo wa sekunde moja usikike mrefu, wa nusu usikike nusu yake. Lakini katika Zorki-4 kumbuka sheria moja: kaza kwanza, ndipo ugeuze mwendo. Ukigeuza kabla ya kukaza waweza kuvunja kilichomo ndani, na muuzaji atakudai.

La pili ni kipima umbali. Simama hapa mjini uelekeze kamera katika ukingo wa mlima ulio mbali, ukiweka lenzi kwenye alama ya mbali kabisa. Sura mbili za ukingo huo ziwe moja. Zikiachana kando, kipima kimepotoka. Kisha pima mita moja kwa kamba, utazame kalamu iliyosimamishwa mezani. Namba katika lenzi nayo iseme mita moja. Kupotoka kidogo fundi hurekebisha. Doa lililofifia hata halionekani ni taabu kubwa zaidi.

La tatu ni lenzi. Fungua tundu lake lote, umulike kurunzi toka nyuma, utazame toka mbele kwa kuinamisha. Mikwaruzo midogo ya kupanguswa isikutie hofu, haidhuru sana. Kitu cha kuogopwa ni kuvu, mwenye nyuzi kama utando wa buibui, na utusitusi kama pumzi juu ya kioo. Kuvu akikaa siku nyingi hula kioo chenyewe, na hata akisafishwa alama hubaki. Ndiye aliyeufifisha uso wa bibi. Tazama pia vile vibati vya tundu visiwe na mafuta, na lenzi izunguke laini bila kukwama.

La nne, kwa kamera za Kijapani za miaka ile, ni sponji nyeusi zilizo katika mlango wa nyuma. Zikizeeka hugeuka kama lami na kuingiza mwanga. Hilo si ugonjwa wa kufisha: huweza kukwanguliwa na kuwekwa mpya nyumbani kwa jioni moja. Lakini litaje, upunguziwe bei.

Kuhusu lenzi ngapi za kununua, ushauri wetu ni moja. Anza na ya milimita 50, uitumie mwaka mzima. Mwenye Zorki akitaka ya milimita 35 ajue kwamba kidirisha cha kamera yake hakionyeshi upana huo, na itambidi anunue kidirisha cha pili cha kuweka juu. Na lenzi ndefu ya milimita 85 au 135 inapendeza kwa nyuso, lakini kosa dogo la kipima umbali huonekana mara moja. Tumewaona watu wenye lenzi tatu wasio na fedha ya filamu.

Maana filamu ndiyo gharama isiyokoma. Kamera hununuliwa mara moja; filamu na kusafisha hulipwa kila mara. Kwa hiyo twashauri fedha zigawanywe mafungu matatu kabla ya kwenda kwa muuzaji: fungu moja la kamera na lenzi yake, fungu moja la fundi, na fungu moja la filamu za mwanzo. Kamera ikiagizwa ng'ambo, ushuru na nauli vihesabiwe ndani ya fungu la kwanza. Anayetumia yote kwa kamera atakuwa na pambo la kabati. Cha rahisi huwa ghali, lakini na cha ghali bila filamu ni bure.

Wengine mtatuuliza: simu zapiga picha, mwatafutia nini taabu hii? Swali ni la haki. Hatusemi filamu yashinda simu. Mmoja wetu aliibiwa simu stendi, na picha za miaka minne zikaenda nayo, kwa kuwa hakuziweka mahali pengine. Filamu iliyosafishwa ni kitu cha kushikwa. Ikitunzwa mahali pakavu, mjukuu ataiinua kwenye mwanga aione sura bila kuhitaji mashine. Asiyetaka taabu hii asilazimishwe. Atumie simu, ila azitoe picha katika karatasi.

Nao utunzaji hutofautiana kwa mahali. Huku tambarare adui ni vumbi na joto: kamera isiachwe ndani ya gari juani. Kule Chome na sehemu zote zilizo chini ya Shengena adui ni unyevu: kamera isifungiwe ndani ya mkoba wa ngozi, kwa kuwa ngozi hushika maji na kuvu hupenda hapo. Iwekwe katika chombo kisichopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyopatikana katika masanduku ya viatu vipya. Na itumike. Lenzi inayotolewa mara kwa mara hupata hewa na mwanga, na kuvu hapati nafasi.

Kwa asiye na kipimo cha mwanga, kanuni ya zamani yatosha. Katika jua kali, ukiwa na filamu ya kipimo 100, weka tundu namba 16 na mwendo wa sehemu 1 ya 125 ya sekunde. Mawingu mepesi yakija, fungua mpaka 11. Mzee akiketi kivulini mwa nyumba, fungua mpaka 4.

Bwana Mwenyekiti, kamera ile tuliirudisha kwa fundi. Pazia jipya na kusafisha lenzi vilitugharimu karibu sawa na bei tuliyoinunulia. Kuvu ameacha alama ndogo pembeni, lakini nyuso zatoka. Tangu hapo tumekwisha piga wazee 11 wa Mbaga na Chome, na kila mmoja amepelekewa picha yake ya karatasi. Mwaka 1922 makarani wa Tanga, wakiongozwa na Martin Kayamba, waliunda chama cha watumishi Waafrika ili waendelee kwa umoja kuliko mmoja mmoja. Kwa mfano huo tunatoa shauri: kamera hii iwe ya tawi. Mwanachama mwenye mzee nyumbani aiazime kwa zamu, alipie filamu yake tu, na mmoja wetu atafuatana naye siku ya kwanza kumwonyesha. Kitabu cha zamu kipo mezani kwa mwandishi. Tunaomba wenye wazee waliopita miaka 80 waandikwe kwanza.