Mahali pa "only" katika sentensi

Leo ni zamu ya neno dogo la Kiingereza ambalo wanafunzi, makarani na waongoza watalii hawaachi kuliandika: only.

Anayetaka kuujua uzito wa neno hili aanzie Shimba Hills, Kwale. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa rasmi mwaka 1968, ndiyo makao pekee ya palahala nchini Kenya, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda kwa nyuma. Mwongoza watalii wa Diani akiandika "In Kenya, sable antelopes live only in Shimba Hills", amesema kweli. Akilihamishia neno lile mbele na kuandika "Only sable antelopes live in Shimba Hills", amewafuta tembo na nyati wote wa hifadhi hiyo. Maneno karibu yote ni yale yale, lakini habari imekuwa ya uongo.

Chanzo cha kosa kinaeleweka. Kwa Kiswahili, tu hufuata neno linalowekewa mpaka: nahodha wa Shimoni alipeleka watalii wawili tu Kisite. Only kwa kawaida hutangulia: "The captain took only two tourists to Kisite." Likitupwa mwishoni, "The captain took two tourists to Kisite only", msomaji ataelewa kwamba mashua haikupita kwingine. Likikaa mwanzoni, "Only the captain took two tourists", hakuna mwingine aliyepeleka wawili.

Wapo wanaosema "The captain only took two tourists", na si haki kuwahukumu. Mwaka 1926 Mwingereza H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza, alilitetea only linalotangulia kitenzi pale maana inapokuwa wazi. Katika mazungumzo mkazo wa sauti humwongoza msikilizaji. Karatasi haina sauti, ndiyo maana mwandishi makini hulisogeza neno karibu na linachokihusu. Matangazo mafupi yana desturi yake: "Staff only" kwenye mlango wa hoteli ni sahihi kabisa.

Kuna umbo jingine linalowatoa jasho watahiniwa wa KCSE katika sehemu ya sarufi. Only likifungua sentensi pamoja na maneno ya wakati au sharti, kitenzi kisaidizi huruka mbele ya mtenda. Kuhusu Gazi, kijiji chenye mradi wa mikoko uitwao Mikoko Pamoja, mtahiniwa ataandika: "Only after protecting the mangroves did the villagers sell carbon credits." Anayeandika "the villagers sold" hapo amekosea.

Mwanafunzi wa Msambweni anayejiandaa kwa mtihani achukue daftari leo jioni, aiandike sentensi ya nahodha mara kadhaa huku akilihamisha only, kisha amweleze mwenzake jinsi maana ilivyobadilika kila mara.