UFIZI UNAOTOA DAMU USUGULIWE
Maneno ya Katibu wa Tawi kwa wanachama wa ushirika, kabla ya habari za pamba



Tumepewa nafasi kidogo kabla ya mambo ya mizani na pembejeo, nasi tumeamua kusema juu ya ufizi. Wengine mtacheka. Chekeni tu, ila mkicheka mfungue kinywa vizuri tuzione fizi zenyewe.

Jambo hili lilianzia katika darasa letu la elimu ya watu wazima. Tuliandika ubaoni neno UFIZI, tukamwomba kila mmoja alisome kwa sauti. Wapo walioshindwa, na si kwa kutojua herufi. Herufi F inataka meno ya juu yaguse mdomo wa chini, na wenzetu hao meno hayo hawanayo tena. Kusoma wanajua, kutamka ndiyo kazi. Mzee mmoja akatoa mfukoni jino lake lililong'oka wiki ile, akalizungusha darasani tulitazame. Halikuwa na tundu hata moja, jino zima mpaka mzizini. Akauliza, "Sasa hili limekufa kwa ugonjwa gani?" Hatukuwa na jibu siku ile. Tulikwenda kuuliza kwa wataalamu wa meno, na leo tunalileta.

Jino lile halikuumwa. Palipoumwa ni pale liliposimama. Nguzo ya ua mvua ikiila udongo shinani kila masika, siku moja itaanguka nayo ni nzima kabisa. Ndivyo ilivyo kinywani. Kila siku utando laini wa vijidudu hujishika kwenye jino, hasa pale linapokutana na ufizi. Ndio ule ukoga. Usipoondolewa, ufizi huvimba, huwa mwekundu na kutoa damu. Ukiachwa zaidi hugeuka mgumu kama jiwe, unashuka chini ya ufizi, ufizi unaachana na jino, na mfupa unaolishika jino unaliwa pole pole. Jino linaanza kucheza. Jambo hili huchukua miaka, na mara nyingi haliumi. Kama lingeuma tungekwisha kwenda hospitali siku nyingi. Ni kama mwizi wa ghalani anayechota kibaba kimoja kimoja.

Sasa sikilizeni kosa letu wengi, na sisi tunaosema tulikuwa nalo. Mtu anapiga mswaki asubuhi, anatema, anaona damu. Anashtuka. Kesho yake anaparuka mahali pale asijiumize. Jamani, damu ile imetoka kwa sababu pale ni pachafu! Ukipaacha, ukoga unazidi, na damu inazidi. Hapo ndipo pa kusugua kila siku, kwa mkono mwepesi, na kwa kawaida damu hupungua katika wiki moja au mbili. Isipopungua, au ukiona usaha, au jino linatikisika, nenda ukaonwe. Ule ukoga uliokwisha kuwa jiwe hauondoki kwa mswaki wala kwa ncha ya kisu. Hukwanguliwa na mtaalamu wa meno kwa vyombo vyake, na kwetu sisi ni kufika hospitali ya Musoma au Bunda. Nauli ni nauli, tunajua, lakini si lazima kila anayekwenda arudi ameng'olewa.

Wapo wanaosema damu ya ufizi ni kiseyeye, basi watu wale machungwa yatakwisha. Kiseyeye kipo, nacho huletwa na kukosa matunda na mboga mbichi kwa muda mrefu. Mapapai na machungwa tule. Lakini damu nyingi ya hapa kwetu ni ya ukoga, na papai halisugui jino.

Kuhusu mswaki wenyewe, wa mti si ushamba. Kata kijiti kibichi cha mti tuliouzoea, tafuna ncha mpaka iwe nyuzi laini, kisha sugua pale jino linapoingia katika ufizi, nje na ndani, bila kusahau magego ya nyuma. Ncha ikichakaa, kata, tafuna upya. Mwenye mswaki wa dukani achague laini. Dawa ya meno yenye floraidi hulinda jino lisitoboke, lakini ufizi hulindwa hasa na kule kusugua. Mara mbili kwa siku, na ile ya usiku kabla ya kulala isikose. Mchanga na mkaa tuache. Njiti ya kiberiti ya kuchokolea nyama nayo inachubua ufizi. Na wenye ugoro na sigara, tutasema bila kuficha, tumbaku inaharibu ufizi na inaficha damu isionekane. Wenye kisukari na akina mama wajawazito wajiangalie zaidi.

Limebaki la watoto, na hili hatutacheka. Tangu miaka ya 1980 imeenea nchini habari ya "meno ya plastiki". Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, mtu anafunua kinywa, anaona ufizi umeinuka mweupe, anasema ndiyo hayo, yatolewe. Kinachotolewa kwa kisu au kwa spoku ni jino changa la mtoto ambalo halijaota. Watoto wamekufa kwa damu, kwa pepopunda na kwa vidonda vilivyooza. Aliyepona huweza kuota jino la ukubwani limepinda. Na homa ile ilikuwa malaria au kichomi, na kuhara kulitaka maji ya chumvi na sukari ya zahanati. Bibi anayempeleka mjukuu hana nia mbaya, anataka apone. Basi ampeleke zahanati.

Msituambie ni desturi. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa hapa Butiama mwaka 1922, alichongwa meno ya mbele utotoni kwa desturi ya Wazanaki. Leo hatuwachongi watoto wetu, na bado ni Wazanaki.

Wazee wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi wakisikiliza redio, kisha wakainuka kuchimba vyoo. Nasi tusiishie kusikiliza. Jumamosi baada ya kufagia ghala, vijana watakata vijiti vya kutosha wote, na tutafundishana kusugua palepale kwenye ngazi. Yule mzee wa jino amekubali kuja nalo. Mwenye mtoto mwenye homa asisubiri Jumamosi.